TUITOE HISABATI NJE YA DARASA

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyangamara, na mmoja wao ambaye sasa ni mtumishi wa umma)



Katibu wetu aliniachia uhuru wa kuchagua mada, akaniwekea sharti moja tu, kwamba nisizidishe nusu saa. Nimechagua kuzungumza juu ya Hisabati. Nawaona baadhi ya wenzangu wanatabasamu, kwani wanakumbuka kwamba zamani zetu somo hili lilikuwa na marafiki wachache. Msiogope. Sitaandika kitu ubaoni. Nitaanza na kopo.

Mama yangu alikuwa na mikorosho. Ada yangu, sare zangu na mafuta ya taa niliyosomea, vyote vilitoka katika mikorosho ile. Kila msimu alikuja mnunuzi mmoja, mtu mcheshi, aliyezijua habari za kila nyumba. Alinunua kwa kopo, akisema kopo moja ni kilo moja. Kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa njiani, alikuwa akiliacha kopo lake barazani kwetu, naye mama akilitunza kama amana. Kila kopo lililojaa, mama alichora mstari mmoja wa mkaa nyuma ya mlango.

Nilipokuwa kidato cha pili tulifundishwa uwiano. Katika jaribio nilipata alama 80 kwa 100, nikajiona bingwa. Wiki iliyofuata mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kusifiwa hadharani, alituambia kila mmoja aje na chombo ambacho nyumbani kwao hutumika kupimia. Yeye mwenyewe aliazima mzani dukani. Vikaja vibaba, bakuli, ndoo na madebe. Mimi nikaja na kopo la mnunuzi, na korosho za kutosha kulijaza.

Mwalimu alitutaka kwanza tukadirie uzito, kila mtu aandike kadirio lake. Mimi, bila kufikiri, nikaandika kilo moja. Kisha akatuagiza tulijaze kopo na kulipima mara kumi, siyo mara moja, kwani mkono wa mtu haujazi sawasawa kila mara. Jumla ya mara zote kumi ilikuwa kilo 13. Wastani, kilo moja na gramu 300.

Wenzangu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani jioni, nikasimama nyuma ya mlango na kuihesabu mistari ya mkaa. Ilikuwa 240. Mama alikuwa amelipwa kilo 240. Alizotoa zilikuwa kilo 312. Tofauti ni kilo 72, pungufu kidogo ya gunia la kilo 80, kwa msimu mmoja tu.

Nilipomweleza, hakulia wala hakufoka. Aliniuliza, "Mwanangu, hayo umefundishwa lini?" Nikamjibu, "Leo, mama." Akalitazama lile kopo, akasema, "Kopo hili lina miaka minne hapa kwangu."

Ndugu zangu, maneno hayo sijayasahau. Uwiano nilikuwa naujua tayari, tena kwa alama 80. Ila niliujua uwiano wa daftari. Uwiano uliokaa barazani kwetu miaka minne, nikiuruka kila asubuhi nilipokwenda shule, sikuuona. Kama mwalimu yule asingetutuma kuleta vyombo, ningemaliza kidato cha nne nikiwa hodari wa uwiano, na mama angeendelea kulitunza kopo.

Msimu uliofuata mama alidai mzani. Mnunuzi hakugombana naye; alilichukua kopo lake akaenda kwa jirani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu alilipimisha darasa zima. Nyumba moja ikijua hesabu, mwizi huhamia nyumba ya pili. Darasa zima likijua, anakosa pa kuhamia kwa urahisi. Sisemi kwamba tuliimaliza biashara ile. Mpaka leo ipo, na wote mnaijua kwa jina la kangomba.

Sasa niseme kwa nini nimewaletea kisa hiki leo. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama mmoja kati ya watano. Matokeo ya mwaka 2023 yalipanda kidogo, yakafika kama mmoja kati ya wanne. Tafsiri yake ni kwamba, kati ya vijana wanne wanaokaa benchi moja, watatu wanaondoka shuleni wakiwa wameambiwa kwa maandishi kwamba hesabu si yao. Kesho yake vijana hao hao wanakwenda kuuza ufuta, kukopa pembejeo, kujenga nyumba na kusoma risiti. Hesabu iliyowakataa shuleni inawasubiri huko nje, na huko hakuna mtihani wa kurudia.

Wako wanaosema kwamba watoto wetu hawana akili ya hesabu. Huu si ukweli, na pwani yetu ni shahidi. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na walijua kwamba pishi ni vibaba vinne. Walipima nguo na mbao kwa shubiri, mkono na pima. Mkono ni shubiri mbili, na pima ni mikono minne. Kwenye mkoa wetu huu huu, pale Kilwa Kisiwani, mafundi wa karne ya 14 walijenga Husuni Kubwa yenye birika la kuogea lenye pembe nane. Jaribuni kuchora umbo la pembe nane zilizo sawa kwa kamba na vigingi, kisha mniambie kama ni kazi ya mtu asiye na akili ya hesabu.

Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, alikuwako mwanahisabati mmoja, Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi, aliyefundisha huko tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2014. Alijifunza kwa wakulima na wasusi wa vikapu. Aliandika jinsi wakulima wanavyoupata msingi wa nyumba wa mstatili: wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa, wanazifunga pamoja katikati, wanazivuta, kisha wanapigilia vigingi kwenye ncha nne. Pembe zote nne zinakuwa mraba. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuthibitisha kwa nini, kwani kanuni yake imo kitabuni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba kanuni ya kitabuni na kamba ya babu yake ni kitu kimoja.

Tena shule zetu zilikwisha kuambiwa jambo hili zamani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, hakusema wanafunzi wapewe majembe tu. Alitaka kazi ya shamba iungane na masomo, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Lakini wengi wetu tulishika jembe tukaacha daftari. Sisi hapa tulilima. Je, yupo miongoni mwetu aliyewahi kuulizwa shamba la shule lina eneo gani, lilitoa kilo ngapi kwa ekari, na mbegu iligharimu kiasi gani? Tulitoka jasho pale pale penye somo, na somo tukaenda kulitafuta ubaoni. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 nao ulisisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda na siyo kukariri tu. Maagizo, basi, hatuna upungufu nayo.

Wadogo zangu, msidhani kwamba wakubwa wenu ofisini wamepona ugonjwa huu. Nitawakirimu kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita yaliletwa mezani kwangu makadirio ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule moja, ambayo siitaji. Bati lilikuwepo, gata zilikuwemo, na tangi la lita 10,000 lilikuwemo. Bei zilijumlishwa vizuri. Nilizihakiki jumla zote, sikuona kosa hata la shilingi, nikaweka saini. Mwaka uliofuata nilipita pale mwezi wa Julai. Tangi lilikuwa kavu, na watoto walikuwa njiani na ndoo vichwani.

Usiku ule, nyumba ya wageni, nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya saini. Nawaomba wanafunzi waifuate. Paa lilikuwa na urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tutoe sehemu moja kwa tano kwa maji yanayoruka na kuvuja. Kila milimita ya mvua inatupatia lita 128. Tukichukua mvua ya milimita 900 kwa mwaka, paa lile linaweza kutoa lita 115,200. Sasa tangi la lita 10,000 linajaa baada ya milimita 78 tu. Mvua yote iliyobaki inamwagika chini. Na shule ya watoto 400, kila mmoja akinywa lita mbili, inatumia lita 800 kwa siku. Tangi lililojaa linakwisha kwa siku kumi na mbili na nusu, wakati kiangazi chetu, toka Juni hadi Oktoba, ni cha siku kama 150.

Paa halikuwa na kosa, wala mvua haikuwa na kosa. Tangi lilikuwa dogo mno, na aliyetia saini alijua kujumlisha lakini hakujiuliza anajumlisha nini. Hesabu ile ni kuzidisha na kugawanya tu. Kijana wa kidato cha kwanza anaiweza. Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu.

Yangu lilikuwa kosa la tangi moja. Nchi hii imewahi kuona kosa la namna hiyo lililokuwa kubwa kuliko yote, na sehemu yake ilikuwa hapa hapa kusini. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe uliozunguka kwa wiki tisa, ukapanga mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, ikafuatia Urambo na Nachingwea. Mahesabu ya vitabuni yalipendeza. Lakini mvua ya Kongwa haikupimwa kwa miaka ya kutosha, na udongo wake wakati wa kiangazi uligeuka mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na paundi kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Wale hawakuwa watu wasiojua kuzidisha. Walizidisha tarakimu ambazo hawakuzipima.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni hili: kila darasa la Hisabati katika shule hii lifanye kazi moja ya vipimo kila muhula, nje ya darasa, kwa jambo ambalo majibu yake yanahitajiwa na mtu fulani. Nasisitiza maneno hayo ya mwisho. Kupima urefu wa ubao si kazi niisemayo, maana hakuna anayengoja jibu lake. Mama yangu alikuwa anangoja jibu la kopo bila mwenyewe kujua kwamba anangoja.

Kazi zipo tele. Kidato cha kwanza wapime vyombo vya sokoni kwa mzani, watafute wastani, wabandike majibu kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Kidato cha pili wapime mapaa ya shule yetu na mvua ya msimu mzima kwa kipima mvua, watueleze tunahitaji tangi la ukubwa gani. Kidato cha tatu waende na fundi panapojengwa nyumba, waone anavyopata pembe mraba kwa kamba ya tatu, nne, tano, kisha waihakiki kwa kupima kamba za mshazari kama zinalingana. Kidato cha nne wachukue hati za malipo za wazazi wao wanaouza kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, wafuatilie bei ya mnada hadi fedha iliyofika mkononi. Tuseme mkulima ana kilo 250, bei ni shilingi 3,000, na makato yote ni shilingi 180 kwa kilo. Anastahili shilingi 705,000. Je, ndizo alizopokea? Kama sizo, tofauti ni nini, na nani wa kuulizwa?

Na katika kila kazi wafuate njia ya mwalimu wetu yule: kwanza kadiria, pili pima zaidi ya mara moja, tatu kokotoa, nne eleza kwa nini kadirio lako lilikosea. Hatua hiyo ya nne ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida. Mtu aliyekwisha kueleza kosa lake mwenyewe haogopi tena kuulizwa.

Najua walimu mna la kusema. Mtasema madarasa yamejaa, vipindi ni vifupi, na mtihani haupimi makopo. Ni kweli. Ndiyo maana nimeomba kazi moja tu kwa muhula, siyo kila wiki. Mazoezi ya daftari lazima yabaki. Bila kujua kugawanya, mzani hautakusaidia. Lakini mwanafunzi aliyeona uwiano ukimla mama yake gunia zima hatahitaji kubembelezwa kufanya mazoezi ishirini ya uwiano. Tena sokoni ataongea Kiswahili, na ripoti ataiandika kwa Kiingereza cha darasani. Kwa njia hiyo ataelewa kwanza, kisha atapata maneno ya mtihani ya kuelezea kile alichokwisha kukielewa. Sisi wengi wetu tulikwenda kinyume, tukabaki na maneno.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza maswali yanayotoka mikononi mwenu. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu wa Shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliona kwamba mchanganyiko wake uliowekwa kwenye friji ukiwa bado wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza, alichekwa. Hakuacha. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja, na hadi leo jina la Mpemba limo katika vitabu vya fizikia duniani, na wataalamu bado wanabishana juu yake. Yote hayo yalianzia kwenye aiskrimu.

Mwisho, nasi wanafunzi wa zamani tusiwe watu wa kutoa nasaha tukapanda gari tukaondoka. Napendekeza mambo matatu. La kwanza, umoja wetu uinunulie shule mizani miwili, futikamba ndefu nne na kipima mvua kimoja. Si vitu vya bei kubwa tukichangishana. La pili, kila mmoja wetu, awe mkulima, fundi, nesi, mwuza duka au karani, aje siku moja kwa mwaka na swali moja la hesabu kutoka kazini kwake, hasa lile alilowahi kulikosea. La tatu, ripoti bora ya vipimo ya kila mwaka ichapwe katika jarida letu hili, na isomwe mbele ya mkutano kama huu.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuanza. Mzani mmoja uko kwenye buti la gari, nitaukabidhi kwa Mkuu wa Shule tukimaliza. Na pamoja nao nimeleta kitu kingine, ambacho mama alikihifadhi miaka yote hii, akisema kitakuja kufaa. Ni lile kopo. Mnunuzi alipobadilisha na kuchukua jipya, hili alilisahau barazani. Naomba likae kwenye kabati la somo la Hisabati, na kila mwaka kidato cha kwanza walijaze na kulipima mara kumi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yangu alikuwa na daftari, nyuma ya mlango. Alichokosa ni mzani.

Ndugu Mwenyekiti, nadhani nusu saa yangu imekwisha.